Hatua Kumi na Mbili Hadi Msalani

Baba,

Nianze na vyoo vya kambi tuliyokwenda, maana najua hilo ndilo ungeliuliza kabla hata hujavua viatu. Vyoo ni visafi. Milango inafungika kwa ndani na komeo halibani kidole cha mtoto. Maji ya moto yanafika upesi. Shatafu, ule mpira wa maji uliokuwa ukiufinya kila mahali kama daktari anayetafuta mshipa, hauvuji hata tone. Sakafu haitelezi, na nyuma ya kila mlango pana ndoano ya kutundikia nguo. Nimeyaangalia yote mwenyewe. Mimi, Rahma, yule yule aliyekuwa akikuona kituko.

Sasa ndiyo nikuamkie. Shikamoo, Baba.

Nakuandikia mezani jikoni, hapa hapa Deira. Watoto wako shuleni, na Mama amekwenda sokoni Al Ras kununua iliki. Ndiyo, umenielewa vyema. Mama amekwenda Al Ras, kwa miguu yake, na kabla ya kutoka alisimama mlangoni akaniuliza kama nahitaji kitu. Nikamwambia mdalasini. Sikuhitaji mdalasini, ninao mwingi tu, nilitaka tu kuisikia sauti yake ikisema "haya, nakuja sasa hivi." Alipofunga mlango nikakaa chini nikalia kidogo, kisha nikatafuta karatasi. Nina jambo la kukiri, na mtu wa kumkiria nimebaki na wewe tu.

Lakini kwanza nikupe habari za nyumbani, usije ukasema nimeruka.

Duka lako la vipuri vya magari kule Ras Al Khor analo Sule. Amepaka rafu rangi ya buluu na vipuri amevipanga kwa herufi, kwa hiyo hakuna tena anayeona kitu. Wateja wako wa zamani huingia, hutazama zile rafu, kisha husema "Allah yarhamu" na kucheka. Ananiudhi mdogo wangu huyu, lakini anajitahidi. Idrisa, mkwe wako, mzima, bado anakoroma. Nasra ametimiza miaka sita na anauliza maswali ambayo hata mufti angeomba muda. Mundhir ana mitatu. Nepi tumemtoa miezi michache iliyopita. Anapobanwa hukunja uso, hukushika nguo, na kuanzia hapo una nusu dakika tu, Baba. Haongezi.

Na Mama. Mama alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, akamaliza. Sisi tukadhani siku ile atafungua mlango. Hakufungua. Alihamia upande wako wa kochi, ule uliobonyea, na msala wako akauweka ubavuni umekunjwa. Unaukumbuka vyema, ule wa kijani uliochakaa penye magoti. Akawa haswalii mwingine. Nasra aliuruka siku moja akicheza, Mama akamkemea mpaka sote tukashtuka. Tukimwambia kuna harusi, "Mie nikafanye nini huko?" Tukimwambia twende sokoni, "Nendeni nyie." Hakuwa analia. Angelia ningejua la kufanya. Alikuwa anapungua tu, siku hadi siku, kimya kimya, na mimi namtazama.

Majira ya baridi ya kwanza baada yako hatukwenda kambini wala popote. Hakuna hata aliyetaja. Mwaka huu joto lilipovunjika Sule akaandika kwenye kundi la familia kwamba tuchukue hoteli ya baharini usiku mmoja, tule, tuogelee, turudi, khalas. Nilijua Mama atasema "nendeni nyie," na safari hii akisema hivyo itakuwa ndiyo basi. Safari yetu ya kila mwaka itabaki kwenye picha, na Mama atabaki kwenye kochi. Nikamjibu Sule kwamba pahala nitachagua mimi. Akanijibu kwa kijiuso kinachocheka machozi.

Na alikuwa na haki ya kucheka, maana wewe ndiye uliyekuwa mchaguzi, miaka yote. Ulikuwa ukichagua kambi kama unavyochagua giaboksi ya gari lililobomolewa: hutazami rangi, unataka kuona chini. Wiki moja kabla, Ijumaa baada ya swala, ulikuwa ukiendesha mwenyewe mpaka huko. Meneja anakuonyesha bwawa, anakuonyesha bembea, anakuonyesha farasi, wewe unangoja amalize kwa adabu kisha unauliza, "Choo kiko wapi?" Ukiingia hutoki. Unafungua mifereji yote, bomba moja moja, unahesabu kwa sauti mpaka maji ya moto yafike. Unajifungia mlango, unajifungulia. Halafu unachuchumaa, na magoti yako yale, uone kama mtoto ataifikia sabuni. Ukitoka ni hukumu mbili tu. "Hapa watoto watakaa," au "Twende zetu."

Tena haitoshi choo kiwe kizuri. Hema au kijumba chetu sharti kiwe ubavuni pake. Nenda ukatazame picha zetu za miaka ishirini, hakuna hata moja isiyo na choo nyuma. Picha nzuri kabisa ya Mama, ile ya buibui lenye nakshi anayochekea pembeni, nyuma yake kuna mwanamume anafunga mkanda. Binamu zetu wa Abu Dhabi walituita watu wa chooni.

Na sababu sote tulidhani tunaijua. Ni ile safari ya kwanza kabisa, mimi nina miaka mitano, kule ufukweni, pamoja na ukoo mzima. Ulinipeleka chooni, tukakawia, kisha ukatokea umenibeba, sote wawili tumerowa chapachapa, maji yanachuruzika mpaka kwenye ndala, na wewe unapiga kelele watu wote wasikie, "Mfereji wa hapa mwehu! Umetuogesha mimi na mwanangu!" Namkumbuka Ami, ndugu yako, akicheka ameshikilia nguzo ya hema asianguke. Najikumbuka mwenyewe nikicheka shingoni kwako. Kisa kile kilisimuliwa kila mwaka, na kila mwaka mfereji ulizidi kuwa mwehu. Kwa hiyo ulipokuwa ukipima mifereji ya watu tulikonyezana tukasema, Baba ana kisasi.

Kisha ikaja safari ya mwisho, ambayo hatukujua ni ya mwisho. Mimi nilikuwa nimepata pahala pangu, pana mateleza marefu ya watoto na vijumba vya vioo vya kutazamia nyota. Ulikwenda ukapaona, ukarudi ukasema choo kiko ng'ambo ya barabara, hapafai. Nami nikakwambia mbele ya Sule na mbele ya mume wangu, "Baba, wewe hutuchagulii pahala pa kupumzika, unatuchagulia choo." Wote wakacheka. Ulicheka na wewe, lakini kidogo, ukavua miwani ukaikunja ukaitia mfukoni, na sikukusikia tena mpaka chai ya jioni. Tulikwenda ulikotaka wewe. Neno lile limekaa na mimi tangu siku tuliyokuzika, Baba. Lilikuwa neno la ujeuri. Nisamehe.

Basi mwaka huu nikachagua mimi, na niliifanya kazi hiyo kwa simu, ofisini, saa ya chakula, kwa vidole vyenye mafuta ya sambusa. Sikujua kwamba mtu mwenye watoto wadogo akitazama picha haoni uzuri tena. Naona bwawa, nauliza ua uko wapi. Naona kitanda cha ghorofa, namuona Mundhir anaanguka. Pana kambi moja iliandika kwamba ni ya familia, ina uwanja wa watoto, nikaikuza picha nikakuta uwanja wenyewe ni farasi mmoja wa plastiki, naye hana kichwa. Nyingine ilikuwa na muziki mpaka usiku wa manane. Nyingine ina bata wazuri kwenye ziwa lenye kina cha mtu mzima. Siku ya nne nikaipata moja kule milimani, upande wa Hatta. Vijumba vya mbao, bwawa la kina kifupi lenye ua na lango, sungura na mbuzi wa kulishwa, njia ya baiskeli ndogo isiyopitiwa na gari. Nikakipenda hasa kijumba cha juu kabisa, penye mandhari. Vyoo viko nje, vya pamoja, niliona hilo, lakini viko wapi sikuuliza. Nikwambie kweli? Sikusahau. Nilikuwa nashindana na wewe bado.

Nikampelekea Mama picha kochini. Akatazama moja, mbili, akanirudishia simu. "Nendeni nyie." Nikamwambia, "Mama, bila wewe hatuendi, na tusipokwenda mwaka huu hatutakwenda tena." Nilisema kwa sauti mbaya, ilinitoka. Akautazama msala wako pale ubavuni, akaupapasa. Halafu akasema, "Kama patakuwa na pahala pa msala, nitakuja. Lakini pawe safi. Na watu wasinipite mbele."

Niliruka kwenye simu kabla hajabadilisha nia. Aliyepokea alizungumza Kiingereza, lakini ile "r" yake nikaijua. Nikamuuliza, "Wewe Mkenya?" Akacheka, "Eeh, wa Kericho. Naitwa Chebet." Alhamdulillah, nikasema moyoni, sasa nitaeleweka. Nikamueleza kwa Kiswahili chetu, polepole, kwamba nina mama mtu mzima, goti linamsumbua, na sharti lake ni moja. "Anataka pahala pa msala pawe karibu na kijumba. Pawe safi. Na watu wasimpite mbele." Chebet akanirudia neno kwa neno, nasikia anaandika. "Msala karibu. Kuwe clean. Asipitwe. Madam, usijali kabisa, hiyo nitashughulikia mwenyewe. Hata nitaambia cleaner apige maji vizuri kabla mfike." Nilikata simu nimeduwaa kwa furaha. Nikamsimulia Idrisa, tazama msichana wa watu, si Mwislamu, lakini anajua pahala pa swala panataka tohara mpaka anapamwagia maji!

Sasa umeshaanza kucheka huko uliko, nakujua.

Tulifika alasiri. Sule na Idrisa walibaki kwenye gari wakishusha mizigo, Mama akawa anajinyoosha goti, nikatangulia peke yangu kuchukua ufunguo. Chebet alikuwa akinisubiri. Msichana mwembamba, tabasamu mpaka masikioni, sare imenyooshwa. Akanipeleka yeye mwenyewe, nyuma ya mti wa ghafu, tukakata kona, akasimama akanyoosha mkono kama mtu anayezindua shule.

"Madam, msala ndio huo. Ni hatua kumi na mbili toka mlango wenu. Nimehesabu."

Nikatazama. Vyoo, Baba. Jengo zima la vyoo, wanawake kulia, wanaume kushoto, na kijumba chetu kimeketi mbele yake kama kibanda cha mlinzi.

"Na hata kukiwa na line asubuhi," akaongeza, "hakuna mtu atampita mama. Yeye ni wa kwanza daima."

Nikamwambia, "Dada, mimi nilisema msala." Akasema, "Si ndio huu?" Nikamwambia msala wa kuswalia, wa kutandika! Akashika mdomo. "Woi! Madam! Shuleni mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa anatuchapa tukisema choo mbele ya wakubwa. Alisema tuseme msalani." Na mwalimu wake alikuwa sahihi, Baba. Nami nilijua. Bibi mzaa Mama, alipokuja kutoka Unguja, alikuwa akisema anakwenda msalani na hakubeba mkeka. Lakini nyumbani kwetu wewe uliita choo choo, waziwazi, mchana kweupe, na msala ukawa mmoja tu, ule wa kijani. Neno la pili halikunijia kabisa.

Chebet alikuwa karibu kulia. Akaniambia watu wa kijumba cha juu, kile kile nilichokitamani, wamepiga simu hawaji, na anaweza kutuhamisha saa ile ile kabla mizigo haijaingia. Nikainua macho, nikakiona kule juu kimekaa na milima yake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo, yalla, fanya haraka.

Ndipo nikasikia miguu. Mundhir anakuja mbio, uso umekunjwa, mikono miwili imeshika suruali. "Mama choo! Mama choo!" Alinipita kama sikuwepo, akaingia, nami nyuma yake, na akawahi. Baba, akawahi! Mara ya kwanza tangu tumtoe nepi, akiwa nje ya nyumba, mtoto yule amewahi. Alitoka ananitazama kwa fahari, kifua mbele, kama yeye ndiye aliyelijenga jengo.

Nilipotoka nimemshika mkono, Mama alikuwa amefika. Anachechemea, msala wako kwapani. Akakitazama kijumba. Akavitazama vyoo. Akakitazama kijumba tena. Nikasema moyoni, basi, anageuka anarudi garini, na hapo ndio mwisho wetu.

"Nani kachagua hiki?"

"Mimi, Mama."

"Wewe?"

"Mimi."

Akanipa msala niushike. Yeye ambaye hataki hata kivuli cha mtoto kiuguse, akanitilia mikononi, akaingia chooni. Nikasikia mfereji unafunguliwa. Nikasikia sauti yake ndani, inahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Hesabu yako, kwa ule mwendo wako wa kukokota kidogo kwenye tatu. Chebet ananiangalia mimi, mimi nauangalia mlango. Mama akatoka anakung'uta maji mikononi, akavuta pumzi ambayo sikuisikia mwaka mzima, akasema, "Hapa watoto watakaa."

Nikamgeukia Chebet. Nikamwambia, "Wacha, dada. Hapa hapa."

Na nilivyomjibu Mama ndiyo dhambi yangu. Maana Sule alipofika na begi mabegani, hajasema neno, Mama akamwahi. "Rahma amechagua kama baba yake." Sule akanitazama kama mtu aliyemkuta paka anasoma. Idrisa naye akanipigia saluti. Nami nikanyamaza, nikainamisha uso kwa unyenyekevu, nikaupokea ule ushindi kama niliutolea jasho. Siku mbili nzima nilisifiwa kwa kosa. Chebet kila akipita ananikonyeza.

Lakini Baba, zile siku mbili! Nilifurahi. Nakwambia waziwazi, nilifurahi mpaka nikaona haya, kwa sababu ulikuwa hupo nami nafurahi. Wenye vijumba vya juu, wenye mandhari, tuliwaona kutwa wakishuka mlima mbio na watoto kwapani, taulo zinaburura, mama mmoja ana kiatu kimoja. Nasra alikwenda peke yake, bila kusindikizwa, akarudi akatangaza idadi ya mara alizokwenda. Idrisa alikoroma mchana kivulini. Sule alishindana na Mundhir baiskeli akashindwa kweli, si kwa kumwachia.

Na Mama, ambaye alitaka watu wasimpite mbele, alipitwa mbele na kambi nzima. Asubuhi ya kwanza aliitikia salamu tu. Adhuhuri akatoa kiti nje. Alasiri akatoa chupa ya chai na vileja. Ilipofika magharibi palikuwa na mama wa Kisudani anafundishwa kutia iliki, na mke wa mlinzi mmoja Mkenya wa Al Quoz, kitoto kimefungwa mgongoni, anacheka na Mama juu ya waume wanaokoroma. Mgeni akishuka amechanganyikiwa Mama anamwelekeza kwa kidole, "Cha mwisho kulia, mwanangu, ndicho kizuri." Nilimsikia akimwambia yule mke wa mlinzi, "Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kuchagua." Akalitaja jina lako. Mwaka mzima alikuwa hajalitaja mbele ya mtu.

Pahala pa msala alipapata mwenyewe. Nyuma ya kijumba pana kibaraza kidogo, kinaelekea mlima na kibla, hapapiti mtu hata mmoja. Hivyo alichokiomba kwangu alikipata, na kile alichokielewa Chebet alikipata pia.

Sasa nisikilize, hapa ndipo barua yenyewe ilipo.

Asubuhi ya kuondoka nilimpelekea chai kule kibarazani. Alikuwa amemaliza kuswali, jua linaanza kushika ncha za mlima, baridi nzuri ile ya kukaza shela. Bado yuko juu ya msala. Akanisogezea nafasi, nikakaa, magoti yangu yakaingia penye magoti yako. Akaniuliza, "Ulijua lini?"

"Kujua nini, Mama?"

"Habari ya mfereji. Nilidhani umeshajua, ndiyo maana ukachagua hiki."

Nikamwambia sijui kitu. Akanitazama, akapuliza chai, akasema, "Mfereji haukuwa na lolote."

Akanieleza. Kwamba siku ile ufukweni choo kilikuwa mbali, huko mwisho wa maegesho. Kwamba nilikuwa nimevaa gauni jipya, jeupe, la kuwaonyesha binamu zangu wa Abu Dhabi. Kwamba ulinibeba ukakimbia mchangani na hatukuwahi. Nilijikojolea mikononi mwako hatua chache kabla ya mlango, na wale binamu walikuwa wanatufuata kwa nyuma wakiniita nikacheze. Kwamba nilikataa kutoka. Nilijibanza nyuma ya mlango, nikalia, nikakwambia nataka kubaki chooni mpaka watu wote waende kwao. Ukajaribu kunibembeleza ukashindwa. Kisha ukafungua mfereji mpaka mwisho, ukaingiza kichwa, ukajimwagia mabega, kanzu, miguu, wewe kwanza, mpaka nikaanza kukucheka. Halafu ukanimwagia mimi. Ukanibeba ukatoka nje unapiga kelele.

Mama akasema ulimwapisha. "Alinambia, mtoto asije akajua. Atakumbuka maji tu."

Na kweli, Baba. Nakumbuka maji tu.

Zaidi ya miaka ishirini umekubali kuwa kichekesho cha ukoo. Umesikia mfereji ukizidi wehu kila mwaka, na ukaongezea chumvi mwenyewe. Umechuchumaa kwenye vyoo vya watu na magoti mabovu. Na mimi, mwenye gauni jeupe, ndiye niliyekwambia mbele ya watu kwamba unatuchagulia choo. Ulikuwa na jibu mfukoni, jibu ambalo lingeninyamazisha maisha, ukatia miwani juu yake. Nimelia sana pale kibarazani, kilio kizuri. Mama alinishika kichwa akaniacha nilie, kisha akasema chai inapoa.

Sikumwambia kuhusu Chebet. Nilijaribu, ulimi ukakataa. Anaamini nilichagua, na imani hiyo imemwinua kochini mpaka Al Ras. Kwa hiyo siri yako alikuwa nayo yeye, na siri yangu unayo wewe. Tunza.

Nasikia lifti, nadhani amerudi. Barua hii nitaikunja niitie ndani ya kopo lako la buluu, lile la kuchambia ulilolibeba kwenye buti ulipokuwa huamini shatafu za watu. Bado limo kwenye gari. Hakuna aliyethubutu kulitoa.

Lala salama, Baba yangu. Mungu akupanulie na akunawirishie pahala pako. Wewe pumzika, kazi ya kuchagua nimeipokea, na mwakani nitaifanya kwa makusudi. Nitakwenda Ijumaa moja kabla, nifungue mifereji, nihesabu, nichuchumae. Na siku Nasra au Mundhir asipowahi, maana haikosi siku, nakuahidi nitaingiza kichwa changu kwenye mfereji, nirowe mimi kwanza, kisha nitoke nimembeba na kupiga kelele mpaka watu wote wasikie.

Mwanao,
Rahma